Kiti Nje ya Chumba cha Kupimia Mkojo

Baba yangu aliitwa Ogola, mbeba mizigo wa soko la Sondu, na mama yangu aliitwa Awuor, mfinyanzi wa vyungu. Walinizaa Nyakach, mahali ambapo mto unasikika kabla haujaonekana. Sikuingia darasani hata siku moja. Walioingia ni kaka zangu. Haya ninayoyasema anayaandika mjukuu wangu Akinyi, binti wa mwanangu wa kiume wa kwanza, nami nimemwagiza ayaandike kama yanavyotoka kinywani mwangu, bila kuyapamba na bila kunichanganyia maneno ya vijana wa mtaa wa Kondele.

Ninasema na ninyi mnaoanza kazi hospitalini, hasa wale mtakaopewa kazi ambayo wenzenu wataicheka. Mimi nilikuwa mhudumu katika kliniki ya njia ya mkojo, katika hospitali moja ya hapa Kisumu, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti nje ya chumba kidogo ambamo wanaume walipimwa jinsi mkojo wao unavyotoka. Nilichekwa hata kanisani. Shemeji yangu mmoja aliwahi kuniuliza mbele ya watu kama wiki hiyo nimewasikiliza wangapi. Nilimjibu kwamba nimewasikiliza wengi, na kwamba yeye pia kiti chake kipo, umri ukifika. Ulipofika, alikuja, akakaa kimya sana.

Wengi wa wanaume hao walikuja na taabu ya kibofu kisichohifadhi. Mtu anakwenda haja ndogo kila baada ya muda mfupi. Mkojo ukimshika haumpi nafasi. Anakimbia, na pengine hafiki. Usiku anaamka mara nne au tano, hata mkewe anahamia chumba cha watoto. Mtu wa namna hiyo ni lazima ajulikane shida yake inatoka wapi. Huenda kibofu chenyewe kimekuwa na haraka. Huenda tezi dume imekua na kubana njia, na kibofu kimechoka kusukuma hadi kimeanza kufanya fujo. Malalamiko yanafanana kabisa, ila matibabu ya mmoja yanaweza kumdhuru mwingine. Ndiyo maana daktari hutaka kuona mkojo unavyotoka: kwa kasi gani, kwa muda gani, na kiasi gani.

Kabla ya mashine tulitumia ndoo ya bati, jagi la kupimia na saa ya mkononi. Aliyenifundisha ni Sista Rosalia, muuguzi mkuu wa kliniki, mwanamke wa Taita asiyevumilia sentensi iliyovunjika wala sakafu yenye tone. Kiswahili changu ni chake. Aliponiona sijui tarakimu hakunihurumia. Alichukua rangi nyekundu ya kucha akachora mistari kwenye jagi, akanifundisha mstari mmoja mmoja mpaka nikaujua kama ninavyojua vidole vyangu. Kisha akaniweka nyuma ya mlango akaniambia nifumbe macho. Mkojo ukigonga bati husema. Ukitoka vizuri huanza polepole, hupanda, hukaa, hushuka. Ukibanwa huwa mwembamba na mrefu, hauishi. Mwenye kusukuma kwa tumbo, sauti yake inakuja na kukatika, inakuja na kukatika.

Siku moja nilimharakisha mzee aliyekuwa ndani, kwa sababu foleni ilikuwa imefika hadi kwenye ngazi. Niligonga mlango mara mbili. Sista Rosalia alinivuta pembeni, akaniambia bila kupandisha sauti, "Ukimtisha, utakuwa umepima woga wake, na woga hautibiwi katika kliniki hii." Mzee yule alirudishwa kesho yake, safari ya kutoka Ahero, kwa kosa langu.

Mashine ilipokuja, ndoo iliwekwa stoo. Ndani ya chumba kulikuwa na faneli juu ya stendi, na chini yake chombo kilichopima. Waya ulipita chini ya mlango hadi kwenye meza yangu, na karatasi ilitokea upande wangu, ikiwa na mstari uliochorwa papo hapo. Wauguzi walisoma tarakimu zilizoandikwa chini. Mimi nilisoma mstari. Mwenye afya alichora mlima wenye pande mbili zinazolingana. Aliyebanwa alichora uwanda mrefu, kama nchi ya Kano inavyokwenda bila kupanda. Anayesukuma alichora meno ya msumeno. Aliyekuwa akicheza na faneli, akiupeleka mkojo huku na huku kama anayemwagilia mboga, alichora miiba, na huyo nilimrudisha ndani siku nyingine, nikimwambia alenge mahali pamoja kama mtu mzima.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi yenyewe, maana haya hayakuandikwa kwenye kijitabu cha mashine.

Mtu mwenye kibofu cha haraka huogopa safari. Anayetoka mbali hatakunywa maji tangu alfajiri, asije akaaibika njiani. Atafika kwako mkavu. Ukimwingiza hivyo, atatoa vijiko viwili, na mashine itachora uwanda hata kama njia yake haina kasoro. Mkojo usipofika kiasi cha kikombe kidogo cha chai, karatasi hiyo haina maana. Mpe maji, mkalishe karibu na mlango wa choo ili roho yake itulie, na mwambie aingie atakapohisi kama anavyohisi nyumbani anapokwenda. Wala usimjaze kupita kiasi. Kibofu kilichojaa hadi kinauma hakisukumi vizuri. Anayezoea kuchuchumaa, kama ndugu zetu wengi Waislamu, usimlazimishe kusimama, shusha stendi. Akimaliza, apelekwe moja kwa moja kwenye picha ya tumbo, waone kibofuni kumebaki kiasi gani.

Na usimpe chupa ya maji aingie nayo. Tulikuwa na mzee mmoja wa Milimani, mtu wa ofisi kubwa, aliyekuja na suti na haraka. Aliingia na chupa yake. Baada ya muda mfupi karatasi yangu ilichora ukuta: mstari ulipanda wima, ukakaa juu, ukaanguka wima. Sijawahi kuona ng'ombe dume akitoa kwa kasi ile. Nilimpelekea daktari, naye akamwita yule mzee akamuuliza kwa heshima kama ana uhakika. Mzee hakutikisika.

"Daktari, mimi niko na mkutano saa nne," alisema. "Mashine yenu ilitaka maji, nikaipatia maji."

Tulicheka mpaka Sista Rosalia, aliyekuwa karibu kustaafu, akatoka nje kujificha. Lakini fikirini: mtu mkubwa kama yule alikuwa radhi kuidanganya mashine kuliko kukubali kwamba hawezi. Niliyajua haya yote. Niliwafundisha wengine. Na bado nilifanya kosa ambalo ninataka mlisikie, kwa sababu nusura limpokonye mtu kitu ambacho hospitali isingeweza kumrudishia.

Kwetu sisi Wajaluo, mume wa binti yako na wewe mama mkwe, ambaye tunamwita maro, hamzoeani. Akija kwako hukaa mbali na kula kidogo. Haingii chumba chako cha kulala. Mambo ya mwili hayatajwi kati yenu hata kwa mafumbo. Huo si uadui. Ni heshima, na mimi sina nia ya kuipunguza. Kwa sababu ya heshima hiyo, nilikuwa nimewaacha wakwe zangu waamini kwamba hospitalini ninafua mashuka. Sikuwahi kusema uongo. Nilinyamaza tu, wakajisemea wenyewe.

Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimekwenda bombani kujaza jagi la maji ya kunywa. Niliporudi, muuguzi wa zamu aliniambia, "Mama, kuna mzee nimeingiza." Nikaketi. Mstari kwenye karatasi ulikuwa umeanza tu kupanda. Nami, kama nilivyofanya kwa kila mwanamume, nikasema kupitia mlangoni, "Baba, usiharakishe. Hapa hakuna anayekungoja."

Mstari ukaanguka. Haukushuka, ulianguka hadi chini ukakaa hapo. Ukimya ukawa mrefu. Kisha nikasikia matone, yakakatika, matone tena, yakakatika. Nilidhani ni tezi. Mlango ulipofunguliwa, mtu aliyetoka alikuwa ameshika kofia usoni, na kwa viatu vyake nikamjua. Alikuwa mume wa binti yangu.

Nikageuka nikautazama ukuta. Yeye akapita nyuma yangu. Hakuna aliyesema neno, na wakati ule niliona tumefanya sawasawa, wote wawili.

Alipelekwa kwenye picha, nayo ikaonyesha kibofu kimebaki na mkojo mwingi. Daktari alipomuuliza kama nyumbani pia hutoka hivyo, kwa matone na kukatika, alijibu ndiyo. Nilikuja kujua baadaye, kupitia binti yangu, kwa nini. Angesema siyo, angeulizwa basi leo kumetokea nini, na angelazimika kunitaja. Kwa hiyo akasema ndiyo ili aondoke. Karatasi ilisema amebanwa, picha ikasema amebanwa, na mwenyewe akasema amebanwa. Daktari angefanya nini? Akamwandikia upasuaji wa tezi dume, baada ya wiki tatu.

Mimi sikujua habari ya upasuaji, lakini karatasi nilikuwa nimeiona. Nilijua ule mstari ulianguka wakati gani, na kwa sauti ya nani. Niliibandika kwenye faili kwa mikono yangu na nikanyamaza siku kumi na mbili. Kila asubuhi nilijiambia kwamba kumtaja mkwe wangu mbele ya daktari, na kutaja haja yake ndogo, ni kumvua nguo hadharani. Nilijiambia pia kwamba madaktari wamesoma na mimi sikusoma, na wataona wenyewe. Katika siku hizo niliwapima wanaume wengine na kuwapa maji kama kawaida, na usiku nililala.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumapili. Binti yangu alikuja kutoka Kondele, ambako mumewe ana karakana ya pikipiki. Alikaa jikoni bila kuvua leso kichwani. Alikuwa na mtoto mmoja, msichana, na kwa miaka sita walikuwa wakitafuta wa pili. Nilijua hilo, ingawa halikuzungumzwa.

"Mama, wanataka kumpasua," alisema. "Daktari ameeleza kila kitu. Amesema baada ya hapo mbegu inaweza kuwa inarudi kwa kibofu, haitoki. Mtoto hatapatikana tena hivi hivi."

Nikamuuliza mumewe amesema nini.

"Amekubali. Nikimuuliza ananiambia karatasi imesema. Hata hataki nimsindikize hospitali. Mama, huyo mtu nyumbani anakojoa vizuri, shida yake ni kukimbia kila saa. Mimi nasikia, nyumba yetu ni ndogo."

Ninyi vijana, sijui kama mnaelewa uzito wa binti kumwambia mama yake maneno hayo. Alikuwa amevuka mpaka wa heshima ili amwokoe mumewe, na mimi, niliyekuwa na ukweli mkononi, nilikuwa nimekaa upande wangu wa mpaka nikijisifu kwa adabu. Nilimwambia arudi nyumbani, asimwambie mumewe lolote, na kwamba kesho nitakwenda kwa daktari. Aliniuliza mimi nitamwambia nini daktari. Nikamsindikiza hadi barabarani.

Daktari wetu wakati huo alikuwa kijana wa Nyeri, Daktari Gitau, mtu mpole mwenye kazi nyingi. Nilimngoja mlangoni kabla hajavaa koti.

"Daktari, kuna karatasi moja kwenye faili zako ambayo si ya kweli."

"Mama, ile mashine tumeikagua juzi."

"Mashine haina kosa. Mimi nilikuwa nje ya mlango."

"Si wewe uko hapo kila siku?"

"Siku hiyo aliyekuwa ndani ni mkwe wangu. Alisikia sauti yangu, mkojo ukakatika. Ni pale, mahali mstari unapoanguka."

Alitoa faili, akaitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba hata picha ilionyesha mkojo umebaki, na vipimo viwili haviwezi kukosea pamoja. Nilimwambia kwamba ulibaki kwa sababu aliukatiza. Nikamwambia, "Mkwe akija kwangu anaacha nusu ya chakula kwenye sahani. Je, utasema koo lake limeziba?"

Hapo akaweka kalamu chini. Aliniuliza kama kweli mwanamume mzima anaweza kukubali kisu kuliko kusema mama mkwe wake yuko nje ya mlango. Nilimjibu kwamba alikuwa amekwisha kukubali, tarehe imeandikwa. Akakiri kwamba hata kwao angeona taabu mbele ya baba wa mkewe. Halafu akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa.

"Mama, mbona hukuniambia siku ile ile?"

Nilisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu, nikiwa na mvi zangu. Hakunikemea, na hiyo ilikuwa adhabu tosha.

Tulikubaliana mkwe wangu apimwe upya. Lakini kuondoka kwenye kiti hakukutosha. Kama ningekuwa popote katika hospitali ile, angesikiliza hatua zangu kwenye korido. Nikaomba ruhusa ya siku moja, nikamtuma binti yangu amwambie mumewe kwamba siku hiyo ninakwenda Sondu kwa kaka yangu, na nikaenda kweli, ili asiambiwe neno lisilo la kweli. Kiti nilimwachia Ouma, mhudumu wa wodi ya wanaume, nikamwonya asiseme chochote mlangoni. Nani ataapa kwamba alitii? Ouma alipenda kuimba. Lakini nasikia siku hiyo aliketi kimya kama mtu anayengoja hukumu mahakamani.

Kutwa nzima nilikuwa kwa kaka yangu nikichambua maharagwe, na sikuona hata moja.

Niliporudi kazini, Daktari Gitau aliniita akaziweka karatasi mbili mezani, ya kwanza na ya pili, bila kuniambia ipi ni ipi. Hakuhitaji. Ya pili ilikuwa mlima. Haukuwa mkubwa, kwa maana kibofu chake hakikuweza kungoja kijae sana, lakini ulipita kipimo cha kikombe, na pande zake zililingana. Picha nayo ilionyesha kibofu karibu kitupu. Njia ilikuwa wazi. Kibofu ndicho kilichokuwa na haraka.

Upasuaji ulifutwa. Alipewa vidonge vya kukituliza kibofu, akapunguziwa chai na soda, na akafundishwa kukichelewesha: mkojo ukimshika asikimbie, asimame, ahesabu kidogo, ndipo aende, wiki hii dakika chache, wiki ijayo nyingine. Ilichukua miezi. Hakupona kabisa, lakini aliweza kufunga injini ya pikipiki bila kuiacha katikati. Kama walipata mtoto wa pili au hawakupata, hilo ni lao, halimo katika kumbukumbu za kazi yangu.

Naye hajawahi kunitajia jambo lile, wala mimi sijamtajia. Nilipoamua kusimulia haya, nilimuuliza kupitia mkewe kama anakubali. Jibu lilirudi kwa njia ile ile: yaandikwe, jina lisiwepo.

Baada ya hapo daktari alibadilisha mambo. Kiti kilisogezwa hadi mwisho wa korido. Kila mhudumu alitakiwa ajionyeshe kwa mgonjwa uso kwa uso kabla hajaingia, ili kama kuna undugu ujulikane mapema, na mwenzake achukue zamu bila maelezo. Na mgonjwa akitoka aliulizwa, na mtu asiyemjua, kama leo ametoa kama anavyotoa nyumbani. Akisita, anarudia siku nyingine. Nasikia sasa kuna vifaa ambavyo mtu huenda navyo kwake akajipimia peke yake. Ni vizuri. Lakini hata huko mtamuuliza nani alikuwa karibu, kwa sababu nyumba nyingi za hapa Kisumu ni chumba kimoja na pazia.

Akinyi, tumefika mwisho, nisikilize. Yale ya maji, ya kikombe na ya kuchuchumaa yahifadhi kwanza, kwa kuwa ndiyo yatakayomsaidia mtu kesho asubuhi. Maneno ya Sista Rosalia uyaweke kama alivyoyasema. Ya mzee wa Milimani yabaki pia; watu wakicheka husoma hadi mwisho. Jina la mkwe wangu, ambalo unalijua, usiliandike hata kwenye karatasi ya kujaribia kalamu. Na ile sehemu ya siku kumi na mbili nilizonyamaza, jana uliniomba tuipunguze, kwa sababu inanionyesha vibaya mimi bibi yako. Usiipunguze hata neno moja. Daftari likilowa na ukaweza kuokoa ukurasa mmoja tu, okoa huo.